Nasaba ya Kutungwa na Mwana Asiyesimuliwa: Urithi wa Utawala katika Maisha ya Tippu Tip

1.0 Utangulizi

Ni matini chache za nathari ya Kiswahili zinazoigusa Maniema ya kusini kwa kina kama Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Wasomaji wengi wameichukua matini hiyo kama ghala ya habari. Wanahistoria wameitafutia majina ya njia na watawala; wanaisimu wameitazama kama mfano wa Kiswahili cha Unguja cha mwisho wa karne ya 19; wengine wameitumia kuhukumu biashara ya pembe na watumwa. Usomaji wa namna hiyo una haki yake, lakini umeacha kando swali moja ambalo matini yenyewe inalirudia mara kwa mara, nalo ni swali la urithi: nani anastahili kushika nchi baada ya mwenye nchi kuondoka, na anastahili kwa ushahidi gani?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo. Hoja kuu ni kwamba Maisha ni matini yenye ufasaha mkubwa pale ambapo msimulizi wake anatafuta urithi wa watu wengine, na inakuwa na uchache wa maneno pale ambapo yeye mwenyewe anapaswa kurithisha. Msimulizi anayeweza kujitungia nasaba mbele ya mtawala wa Utetera hana kisa cha kumsimulia mwanawe Sefu, aliyeachwa Kasongo na kufa huko. Ukimya huo unastahili kusomwa kwa makini sawa na maneno yenyewe. Ili hoja hiyo ieleweke, makala yataiweka matini hii kando ya maandishi mengine mawili ya urithi: habari za wana wa mtawala wa Kabambare zilizoandikwa na Livingstone, na, kwa ufupi, kisa cha wafalme wa Kinormani wa Uingereza.

2.0 Matini na Wahariri Wake

Hamed bin Muhammed aliandika habari zake akiwa mzee kisiwani Unguja, miaka michache kabla ya kufariki mwezi wa Juni 1905. Aliandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani aliyemfahamu, aliigeuza hati hiyo kuwa ya Kirumi na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. W. H. Whiteley aliitoa tena katika Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1974 François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi, na ndiyo iliyowafaa zaidi wasomaji wa Kongo.

Historia hiyo fupi ya uchapishaji ina maana kwa mhakiki. Matini haikuandikwa Kasongo wala kwa ajili ya watu wa Kasongo. Iliandikwa Pwani, na mtu aliyekwisha kupoteza Maniema, kwa kuombwa na mgeni kutoka Ulaya. Wakati kalamu inashikwa, Kasongo imekwisha kuwa kituo cha Dola Huru ya Kongo kwa takriban miaka kumi. Kwa hiyo kila mahali ambapo msimulizi anaeleza jinsi alivyoipata nchi, msomaji anapaswa kukumbuka kwamba anayesema ni mtu ambaye nchi hiyo hanayo tena. Ushindi wa ujana unasimuliwa kutoka upande wa pili wa hasara.

3.0 Somo la Unyanyembe

Kisa cha Utetera, ambacho ndicho kitovu cha uchunguzi huu, hakijitokezi ghafla. Kinatanguliwa na habari za Unyanyembe, mahali ambapo baba yake msimulizi, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi na heshima. Muhammed bin Juma alimwoa Karunde, wa ukoo wa mtemi Fundikira. Kwa ndoa hiyo mfanyabiashara akawa mkwe, na mkwe ana sauti katika mambo ya ukoo ambayo mgeni wa kawaida hana.

Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, utemi ulishikwa na Mnywa Sere. Haikupita muda mrefu kabla ya Mnywa Sere kugombana na Waarabu wa Tabora juu ya kodi na mamlaka. Akaondolewa karibu na mwaka 1860, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Muhammed bin Juma alikuwa miongoni mwa waliohusika katika ugomvi huo. Mnywa Sere hakuukubali uamuzi. Aliendelea kupigana mpaka alipouawa mwaka 1865.

Katika mpangilio wa Maisha habari hizo zinaweza kuonekana kama utangulizi tu wa safari za kijana. Kimuundo, hata hivyo, zina kazi kubwa zaidi. Zinaonyesha mambo mawili ambayo kijana aliyashuhudia kwa baba yake: kwamba mlango wa kuingilia katika urithi wa nchi ya watu ni ujamaa, na kwamba kiti cha mtemi kinaweza kuhamishwa na wageni wenye bunduki iwapo watamwunga mkono mwana mmoja wa ukoo dhidi ya mwingine. Baba aliupata ujamaa kwa ndoa. Mwana, alipofika mbali zaidi kuliko baba, aliupata kwa masimulizi.

4.0 Binti Aliyetekwa wa Utetera

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Tippu Tip alifika Utetera, upande wa mto Lomami, kwa mtawala mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. (Jina la mtawala huyu lisichanganywe na mji wa Kasongo, ambako Tippu Tip alihamia baadaye, karibu na mwaka 1875.) Kabla ya kufika, alikwisha kusikia habari za mabinti wa ukoo wa mtawala huyo waliotekwa zamani na kupelekwa Urua. Mmoja wao aliitwa Daramumba. Alipofika mbele ya wenyeji alidai kwamba babu yake, Habib bin Bushir el Wardi, aliwahi kufika Urua, akampata mwanamke huyo, na kwamba kutokana na mwanamke huyo ndipo yeye Hamed alipotoka. Kwa dai hilo akawa mjukuu wa dada wa mtawala. Kasongo Rushie akamkubali, akamwachia mamlaka, na pembe za nchi zikaelekezwa kwake.

Wasomaji wengi hukitaja kisa hiki kama hila ya kuchekesha, kisha wakaendelea na vita na safari. Kwa mhakiki wa fasihi, hiki ni kisa cha masimulizi ndani ya masimulizi, na ufundi wake unaonekana katika mambo manne.

Kwanza, malighafi ya nasaba inatoka kwa wenyeji wenyewe. Msimulizi hakuleta jina kutoka Unguja. Aliokota jina lililokuwa tayari linaliliwa Utetera. Hadithi iliyoumiza ukoo ndiyo iliyogeuzwa kuwa ufunguo wa ukoo.

Pili, uongo umefungwa kwenye kigingi cha kweli. Habib bin Bushir el Wardi alikuwa mtu halisi, babu wa upande wa mama wa Tippu Tip. Aliyeongezwa ni mwanamke tu. Nusu ya nasaba ingeweza kuthibitishwa na msafara mzima, na nusu ya pili haikuwa na shahidi wa kuikanusha.

Tatu, mtu pekee ambaye angeweza kuulizwa hayupo. Daramumba anatajwa, lakini hasemi. Alitekwa mara ya kwanza na watu wa Urua. Katika masimulizi anatekwa mara ya pili, safari hii na msimulizi anayehitaji jina lake. Hakuna anayeuliza alifia wapi, wala alizaa nani kwa hakika.

Nne, dai hilo limewekwa katika maneno aliyomwambia mwenyeji. Kiambishi -ka- kinaharakisha matukio: akasema, wakasikia, wakakubali, wakampa. Katika mwendo huo hapana nafasi ya shaka. Msomaji wa Unguja anayeijua nasaba ya Murjebi anaelewa kilichotendeka. Mtawala aliye ndani ya kisa hapewi nafasi hiyo. Hivyo msimulizi anawaweka wasikilizaji wake wawili mahali pawili tofauti, mmoja akidanganywa na mwingine akishirikishwa.

Hata hivyo, uhakiki unaoishia kumsifu msimulizi kwa werevu wake utakuwa umefuata njia aliyoichora mwenyewe. Ipo njia nyingine ya kukisoma kisa hiki. Kasongo Rushie alikuwa mzee, na mbele yake alisimama mgeni mwenye bunduki nyingi. Katika nchi za bara, kumfanya mgeni mwenye nguvu kuwa ndugu, kwa kuchanjana au kwa kuoza binti, lilikuwa jambo linalojulikana. Mgeni asiye ndugu anateka nyara. Mgeni aliye ndugu anafungwa na wajibu. Inawezekana kabisa kwamba mzee huyo hakudanganywa kama matini inavyotaka idhaniwe, na kwamba aliipokea nasaba hiyo kwa sababu ilimfaa. Kwa usomaji huo, nasaba ya Daramumba ina watunzi wawili, ila mmoja tu ndiye aliyepata mwandishi.

5.0 Kabambare: Wana Wawili wa Moenekuss

Maandishi mengine ya wakati huohuo yanaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Septemba 1869 David Livingstone alifika mahali alipopaita Bambarre, panapotambuliwa kwa kawaida kuwa Kabambare. Mtawala wa hapo, ambaye jina lake aliliandika Moenekuss, alikuwa amefariki muda si mrefu, na wanawe wawili, Moenembagg aliye mkubwa na Moenemgoi, walikuwa wameshika nafasi yake.

Livingstone, ambaye alirudi hapo na kukaa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu, aliandika hukumu kali juu ya wana hao. Alieleza kwamba baba yao alileta wahunzi kutoka mbali ili wawafundishe kufua chuma na shaba, na ufundi huo wakaupata. Lakini ukarimu wa baba na uangalifu wake kwa watu hawakuupata, ingawa aliwakanya kila mara. Kwa maoni ya Livingstone, mzee huyo alikufa bila ya kuacha mrithi wa kweli, ijapokuwa wana wawili walikuwepo.

Habari hii inastahili kusomwa kando ya kisa cha Utetera kwa sababu inageuza mambo yote. Utetera, mtu asiye wa damu anaingia katika urithi kwa sababu anajua kusimulia. Kabambare, wana wa damu wanatolewa katika urithi, angalau katika kitabu, kwa sababu mgeni anayesimulia hakuridhika nao. Zote mbili ni hukumu za wageni. Tippu Tip alihitaji pembe. Livingstone alihitaji chakula, wapagazi na mahali pa kupona. Mgeni humpima mwenyeji kwa kibaba anachopewa, na Livingstone hakuwa tofauti. Alipoandika kwamba wana wa Moenekuss hawakurithi wema wa baba, alikuwa akieleza kwa sehemu jinsi yeye mwenyewe alivyopokewa.

Pamoja na hayo, habari ya wahunzi haipaswi kupuuzwa. Inafunua kwamba huko Kabambare, kabla ya utawala wa Kasongo kuenea, palikuwa na baba aliyejiuliza swali la urithi kwa uzito. Aliwafundisha wanawe kazi ya mikono ili wasiwe tegemezi. Alitambua pia kwamba cheo peke yake hakimtoshi mwana, na kwamba sehemu ya utawala iliyo ngumu kurithisha ni tabia inayowafanya watu wakubali kutawaliwa. Katika Maisha yote hapana mahali ambapo baba anaonekana akimfundisha mwanawe kwa namna hiyo.

6.0 Mfano wa Mbali: Wafalme wa Kinormani

Kwa kuwa kisa cha Utetera husomwa mara nyingine kana kwamba ni ajabu ya Afrika ya kati, inafaa kukumbuka kwamba taifa la Livingstone mwenyewe lilitawaliwa na ukoo uliopata kiti chake kwa hoja ya aina hiyohiyo. William, mtawala wa Normandy, alidai ufalme wa Uingereza mwaka 1066. Ujamaa wake na mfalme Edward, aliyefariki Januari ya mwaka huo bila mtoto, ulipitia kwa mwanamke: Emma, mama yake Edward, alikuwa dada wa Richard wa Pili, babu yake William. Juu ya ujamaa huo pakaongezwa dai kwamba Edward alimwahidi kiti. Habari za ahadi hiyo ziliandikwa kwa urefu baada ya ushindi, na miongoni mwa walioziandika alikuwamo William wa Poitiers, kasisi wa mshindi mwenyewe. Mwanamke wa ukoo asiyeulizwa, mzee asiyeacha mtoto, mgeni mwenye silaha, na kalamu iliyo upande wa aliyeshinda: mambo hayo manne yanafanana na ya Utetera, tofauti ikiwa kwamba ujamaa wa Emma ulikuwa wa kweli.

Kinachofuata nacho kina mafunzo. William alipofariki mwaka 1087, Normandy ilikwenda kwa mwanawe mkubwa Robert na Uingereza kwa William Rufus, huku Henry, mdogo wao, akipewa fedha. Rufus alikufa msituni mwaka 1100, na Henry akakishika kiti kwa haraka. Mwaka 1106 alimshinda Robert katika vita vya Tinchebray, akamfunga mpaka Robert alipokufa mwaka 1134. Lakini Henry naye alimpoteza William, mwanawe wa pekee wa ndoa, katika kuzama kwa Jahazi Jeupe tarehe 25 Novemba 1120. Alijaribu kumrithisha binti yake Matilda. Baada ya kifo chake mwaka 1135, Stephen, mwana wa dada yake, alikitwaa kiti, na vita vya ndani vikaendelea kwa miaka mingi mpaka Henry wa Pili, mwana wa Matilda, alipokuwa mfalme mwaka 1154.

Mahali panapohusu uhakiki wa matini ni hapa: watawa walioandika historia za Wanormani hawakunyamaza juu ya mwana aliyezama. Kifo chake kilisimuliwa, kikaombolezwa, kikatafutiwa maana. Kwa mfano huo, uchache wa maneno katika Maisha unaonekana waziwazi zaidi.

7.0 Sefu: Mwana Asiyesimuliwa

Tippu Tip aliondoka Maniema mwaka 1890 na kufika Unguja mwaka 1891. Alikuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru tangu 1887. Nyuma yake mamlaka yaligawanyika: Rashid bin Muhammed, jamaa yake, alikuwa Stanley Falls; Sefu bin Hamed, mwanawe, alikuwa Kasongo; na Muhammed bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, alikuwa na nguvu upande wa Ujiji na ziwa Tanganyika. Mgawanyo huo unafanana na ule wa Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini Oktoba 1856, ambapo Thuwaini alibaki Maskati na Majid Unguja, na ugomvi wao ukahitaji uamuzi wa Waingereza mwaka 1861. Tofauti ni kwamba wana wa Said walikuwa na dola iliyotambuliwa. Sefu aliachiwa mtandao wa biashara uliotegemea heshima ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekwenda Pwani.

Aliyeuvunja mtandao huo kwanza alikuwa Ngongo Lutete. Huyu alikuwa mateka katika utoto wake, akakua ndani ya biashara ya watu wa Kasongo mpaka akawa kiongozi wa vita upande wa Lomami. Mwaka 1892 aliacha kuwa upande wa Kasongo, akafanya mapatano na Francis Dhanis wa Dola Huru. Sefu alidai arudishiwe mtu wake, akavuka kwa vita, akashindwa. Desemba 1892 maofisa wawili wa Dola Huru, Lippens na De Bruyne, waliuawa Kasongo. Machi 1893 Nyangwe ilitekwa. Kasongo ikatekwa tarehe 22 Aprili 1893. Ngongo Lutete, aliyewasaidia Wabelgiji kushinda, alipigwa risasi kwa hukumu ya ofisa wao mmoja huko Ngandu, Septemba 1893. Sefu aliuawa vitani katika miezi ya mwisho ya mwaka huohuo. Januari 1894 majeshi ya Dola Huru yaliingia Kabambare.

Hivyo, ndani ya miezi michache, Maniema ya kusini ilipoteza warithi wawili wa kazi ya Tippu Tip: mmoja wa damu, na mwingine aliyelelewa na kazi yenyewe. Wote wawili walikufa kwa mkono wa nguvu moja, ingawa walikuwa maadui. Mtunzi wa tamthilia asingeweza kupata kisa kizito zaidi. Katika Maisha, hata hivyo, vita vya 1892 hadi 1894 havisimuliwi kwa ukunjufu unaotumika kusimulia vita vya Itabwa vya 1867 au kisa cha Utetera. Masimulizi yanaishia Pwani, katika habari za mashauri, madai na mali. Mzee aliyejua kutaja kila frasila ya pembe hakumjengea mwanawe sura moja kamili.

Ukimya huo unaweza kuelezwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya kawaida: mwandishi hakuwapo vitani, na desturi yake ni kusimulia aliyoyaona. Ya pili ni ya kisiasa: aliandika chini ya himaya ya Waingereza, kwa ajili ya Mjerumani, baada ya kuwa mtumishi wa mfalme wa Wabelgiji, mwana aliyepigana na Dola Huru hakuwa mada ya salama. Ya tatu ni ya baba: uchungu wa mwana haukupata mahali katika lugha ya safari, bei na vita. Kila maelezo yana sehemu ya ukweli. Lakini hakuna hata moja linaloondoa tofauti iliyopo kati ya sehemu mbili za matini. Kwa Daramumba, ambaye hakumwona, msimulizi alikuwa na maneno ya kutosha kuumba ukoo mzima. Hoja ya kutokuwapo, kwa hiyo, haikumzuia alipotaka kusema.

Hapa ndipo udhaifu wa urithi wa kutungwa unapojidhihirisha. Nasaba ya Utetera ilimfaa aliyeisimulia, naye akiwa hai na akiwapo. Haikumpa Sefu kitu cha kushika. Watu waliomkubali mjukuu wa Daramumba walimkubali yeye, kwa maneno yake, kwa zawadi zake na kwa bunduki zake. Mwana alirithi maadui wa baba na madeni ya baba. Ulimi wa baba hakuurithi.

8.0 Umuhimu kwa Msomaji wa Leo

Swali hili si la wapenzi wa mambo ya kale peke yao. Utawala wa Kibelgiji, kwa amri ya 2 Mei 1910 na baadaye ile ya 5 Desemba 1933, ulizitambua sheferi na kuzipanga upya, na utambuzi huo ulitaka nasaba za watawala zielezwe na kuandikwa. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inayatambua mamlaka ya kimila na kuyaacha yarithiwe kwa mujibu wa desturi ya mahali, na Sheria namba 15/015 ya 25 Agosti 2015 imeweka hadhi ya machifu wa kimila. Maana yake ni kwamba masimulizi ya nasaba bado yana nguvu ya kumpa mtu kiti au kumnyima. Karatasi ya zamani inayoonyeshwa katika shauri la namna hiyo huonekana kuwa shahidi asiye na upendeleo. Maisha na shajara ya Livingstone zinafundisha kwamba karatasi nayo ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na haja yake.

Mwanafunzi anayeletewa masimulizi ya urithi anapaswa kuyauliza maswali matatu. Nani anasimulia, na alikuwa anatafuta nini siku aliposimulia? Nani anatajwa katika nasaba bila ya kupewa nafasi ya kusema? Na masimulizi yananyamaza wapi? Maswali hayo hayahitaji nadharia ngeni. Mzee yeyote wa baraza anayasikilizia masikio kila ndugu wanapogombea shamba la marehemu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Maisha ya Tippu Tip yana mkondo wa urithi unaoanzia Unyanyembe kwa baba, unafika kileleni Utetera kwa Daramumba, na unakatika Kasongo kwa Sefu. Yamedai kwamba nguvu ya matini katika sehemu ya pili na ukimya wake katika sehemu ya tatu ni jambo moja: mtu aliyeupata utawala kwa kujisimulia hakuwa na njia ya kuurithisha, kwa kuwa masimulizi hayo yalimhusu yeye peke yake. Habari za Moenekuss wa Kabambare, hata zikipitia kwa mgeni mwenye malalamiko yake, zimehifadhi sura ya baba aliyelielewa tatizo hilo mapema zaidi, ijapokuwa naye hakulitatua.

Kazi iliyobaki ni ya uwandani. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya Sefu imetoka kwa maofisa waliopigana naye. Kasongo na Kabambare ni miji inayosema Kiswahili hadi leo, na kumbukumbu za koo zake kuhusu miaka ya 1890 hadi 1894 zinastahili kukusanywa kwa lugha hiyohiyo, pamoja na tofauti zake na migongano yake, na kuwekwa kando ya matini ya Unguja. Idara za Kiswahili za vyuo vya mashariki ya Kongo zina wanafunzi waliozaliwa katika miji hiyo. Kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi hao ndizo mahali panapofaa kuanzia.